Nilimpa Mwanafunzi Kipimo Kimoja Mara Mbili

Mpendwa Mshauri Nerima,

Nimesoma safu yako miaka mingi, zaidi kwa kuwacheka wanaokuandikia, na leo zamu imenifikia, kwa hivyo nicheke ukitaka, lakini nisaidie kabla ya mwisho wa mwezi.

Mimi ni mwalimu wa hesabu niliyestaafu, nina miaka sabini na mmoja, naishi Kabazi, nasema naishi kwa sababu sijazoea kusema kwangu ni Kabazi, ingawa nimekaa hapa tangu tulipofukuzwa shambani kwetu Kuresoi katika mapigano ya kikabila ya mwaka wa 1992 tukiwa na godoro moja, redio na sanduku la vitabu ambalo mke wangu, hadi alipofariki, hakunisamehe kwa kulibeba badala ya sufuria. Shule ya kanisa hapa karibu iliniomba niwasaidie watoto wa Gredi ya Tisa, nami nikakubali, maana nyumbani hakuna wa kuzungumza naye.

Somo ninalolipenda kuliko yote ni ile milinganyo miwili inayotatuliwa kwa pamoja, na sianzi na herufi ubaoni, natundika kwenye boriti ya darasa mizani ya ndoano, ile ya kupimia viazi sokoni, kisha nafunga viazi kwenye mifuko, mikubwa yote ikiwa na uzito mmoja na midogo vivyo hivyo, na sheria ni moja tu, hakuna mfuko unaopimwa peke yake. Mikubwa miwili na midogo mitatu, kilo saba. Mikubwa minne na mdogo mmoja, kilo tisa. Haya, mkubwa kilo ngapi na mdogo kilo ngapi? Wanakuna vichwa, wanaandika, wanafuta, mmoja anapaza sauti kwamba mkubwa ni mbili na mdogo ni moja, ndipo naruhusu mfuko mmoja utundikwe, na mshale ukisimama pale pale walipoandika darasa zima linalipuka kama limefunga bao, na nakuambia Mshauri, hiyo ndiyo furaha iliyonibakia.

Muhula huu alikuja msichana mgeni, nimwite Chepkosgei ingawa si jina lake, anakaa na shangazi yake hapa Kabazi. Kila mtoto alitakiwa kuleta kilo mbili za viazi, atarudishiwa somo likiisha, na vyake vilikuwa na udongo ambao ningeutambua hata nikiwa nimefumba macho. Nikamuuliza vimetoka wapi.

“Kwa babu, Mwalimu. Kuresoi, karibu na tangi la mawe.”

“Tangi gani?”

“Iko na mkono wa mtoto kwa simiti. Sisi wote tulikuwa tunapima mikono yetu hapo. Saa hii wangu umekuwa mkubwa, hautoshei.”

Mshauri, tangi hilo tulilijenga shambani kwangu mimi na fundi aliyeitwa Hiram mwaka wa 1986, na mkono ule ni wa binti yangu Wachuka, alikuwa na miaka minne, niliushika mwenyewe nikaukandamiza kwenye simiti mbichi huku akilia kwamba ni baridi.

Nilipokea viazi, nikaendelea na somo. Kesho yake asubuhi nikinywa chai, nikiwa nimetulia kabisa, nilipanga nitakachofanya, nikaenda darasani nikamwita mbele peke yake na kumpa mikubwa miwili na midogo mitatu, kilo saba, kisha mikubwa minne na midogo sita, kilo kumi na nne. Pengine umeachana na hesabu siku nyingi, basi nikueleze: hicho cha pili si kipimo kipya, ni kile cha kwanza kimerudiwa mara mbili, na hata profesa hawezi kukutolea jibu hapo. Nilijua. Alihangaika ubaoni dakika kumi, akapata sifuri ni sawa na sifuri, akarudi kwenye mizani, akahesabu mifuko kwa kidole, kisha akanigeukia.

“Mwalimu, samahani. Hii ya pili ni ile ya kwanza tu, mara mbili. Haiwezi kutoa jibu.”

Katika miaka arobaini ya chaki sijapewa jibu zuri kama hilo, na mimi nikamwambia, “Keti chini. Wenzako wote wamepata, wewe unatafuta visingizio. Nyinyi kwenu mmezoea kuokota mlichokuta.”

Jamleck, ambaye mdomo wake hauna kufuli, akasema kutoka nyuma, “Lakini ako right, ticha!”

“Nawe kimya.”

“Aii! Leo mzee ameamka vibaya.”

Wengine wakacheka, yeye akaketi, na tangu siku hiyo haji kwenye somo langu. Juzi nilikutana na shangazi yake, Jerop, pale tunapopeleka maziwa, akanisalimu kwa mikono miwili.

“Mwalimu, si unajua wanajaza fomu za kuchagua mkondo wa masomo ya sekondari? Huyu mtoto amefuta sayansi, na alikuwa anataka kusomea mambo ya dawa. Anasema hesabu imemkataa. Tafadhali mtie moyo, wewe anakuheshimu.”

Nilimpigia Wachuka simu, sasa ni muuguzi Nakuru, nikidhani atakuwa upande wangu. “Mkono wangu bado uko? Wacha!” akacheka, na kicheko hicho kiliniuma kuliko yote, lakini nilipomweleza nilichofanya darasani aliuliza, “Baba, huyo mtoto alizaliwa mwaka gani?” na akakata simu.

Fomu zinapelekwa mwisho wa mwezi. Je, mzee kama mimi nisimame mbele ya watoto nijitangaze mwongo, au nimwombe mwalimu mkuu azungumze naye faraghani? Na je, nimwambie mkono ule ni wa nani? Viazi vyake, ambavyo hakurudi kuvichukua, bado viko jikoni kwangu, siwezi kuvipika na siwezi kuvitupa.

Mwalimu Mstaafu, Kabazi

Nerima anajibu:

Mwalimu,

Pole. Naitanguliza, nayo ni ya kweli, kwa sababu hakuna mtu anayejenga tangi la mawe ili wengine wateke maji. Lakini nani aliuza, nani alinunua na nani alikuta tu, mimi sijui, na katika barua yote hujaandika hata sentensi moja inayoonyesha kwamba umewahi kumwuliza babu ya huyo msichana. Una kipimo kimoja, na umekirudia miaka zaidi ya thelathini. Sisemi ni cha uongo. Nasema ni kimoja, na wewe ndiwe mtaalamu wa kujua kinatoa jibu gani.

Hayo ni ya Kuresoi. Swali lako ni la Kabazi, na hapo sina pole ya kukupa. Hasira ya ghafla ningeielewa. Wewe ulikunywa chai ukapanga. Mizani ilikuwa kitu pekee darasani kisichouliza mtoto ametoka kwa nani, na wewe ukaifundisha kuuliza.

Unaogopa kuaibika. Utaaibika, jiandae. Ulimwaibisha mbele ya darasa, huwezi kumwomba msamaha kwa kunong’ona ofisini, na mwalimu mkuu hana kosa la kulipia. Jumatatu tundika mizani, panga mifuko ile ile, useme: nilimpa swali lisilo na jibu, nikijua, naye akaligundua, nikamdanganya na kuwatukana watu wake. Usiongeze “lakini”. Usitaje shamba. Jamleck akicheka mwache, siku ile alikuwa na ujasiri kukushinda. Msichana akiwepo, mpe chaki alieleze darasa; akikataa, usimlazimishe.

Alasiri nenda kwa Jerop kabla hajasikia kwa majirani. Mwambie ulichofanya wewe, si kilichotokea. Umwandikie mwalimu mkuu kwamba mtoto huyu anaiweza hesabu, uweke sahihi. Akirudisha sayansi kwenye fomu, vizuri. Asiporudisha, hiyo utaishi nayo. Asipotaka kukuona tena, mwombe mwalimu mwingine amfundishe, na usinung’unike.

Habari za mkono usimwambie. Amepima wake kwenye wa Wachuka utoto wake wote bila kumchukia yeyote, mwachie hilo. Mwenye kuulizwa ni babu yake, siku utakayokuwa tayari kusikiliza.

Na vile viazi si vyako. Uliahidi kuvirudisha, virudishe Jumatatu hiyo hiyo. Vipime kwanza. Alileta kilo mbili. Kama vimenyauka vikapungua, jazia vya kwako.