Watoto wa Ndagala na Staji Yangu

Jumatatu, 3 Novemba

Asubuhi shule ya mazoezi, kukaa nyuma ya darasa na kutazama wengine wakifundisha. Mchana Kataki, huduma mtaani. Jioni kuandaa somo la kesho. Miguu imevimba. Mtoto anakohoa.

Chuo kimeamua mwaka huu kwamba mwalimu mpya hapikwi ndani ya kuta tu. Lazima aingie mtaani, awatumikie watu, ajifunze kwao. Profesa alipotueleza alisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi mgeni nimechoka kabla mwenyeji hajapona.

Kataki tumepangwa wawili, mimi na Fidèle. Akina mama wa ufukweni waliomba darasa la watoto wao, maana ziwa lilipopanda liliingia shuleni na halijatoka. Madrasa imetuazima chumba cha mabati. Leo kilijaa hadi mlangoni. Wengine walisikiliza kupitia dirishani. Nilirudi sina sauti, lakini nimeridhika.

Niandike na hili, nisije nikajidanganya. Mwaka jana nilianguka staji, haya mazoezi ya kufundisha, kwa sababu nilikuwa na mimba kubwa na sikuweza kusimama. Nafasi ya tatu hakuna. Nikianguka tena, ualimu basi. Narudi Nyunzu kulima mihogo, mtoto mgongoni, na shangazi zangu wataniuliza nilifuata nini Kalemie.

Alhamisi, 6 Novemba

Papa Kitenge, msimamizi wetu wa chuo, ametuachia tuchague wenyewe siku ya kukaguliwa. Atakuja Kataki, atakaa nyuma, atatazama somo moja, atatoa pointi. Fidèle amechagua kesho. Hana aibu hata kidogo, somo lenyewe hajaliandaa. Mimi nimechagua Jumanne tarehe 18 ili nijiandae vizuri. Tuliangalia kalenda. Hakuna sikukuu, hakuna mtihani. Siku safi.

Asha, binti wa Mama Zaina, mmoja wa wale akina mama wa ufukweni, anashika upesi. Mkono juu kabla sijamaliza swali. Inachosha. Inapendeza pia.

Ijumaa, 7 Novemba

Fidèle amepita. Chumba kilijaa, watoto waliimba, Papa Kitenge alitabasamu. Sasa kijana anatembea kama gavana. Nimempongeza kwa mdomo.

Jumatano, 12 Novemba

Watoto wamepungua. Fidèle anasema malaria. Nadhani wamenichoka.

Nimebadilisha masomo yote. Nimechora picha, nimetafuta vifuniko vya chupa vya kuhesabia. Bega linauma kwa kubeba mfuko kupanda na kushuka.

Ijumaa, 14 Novemba

Nusu ya chumba. Hao waliokuja wananuka samaki na wanasinzia. Mmoja nilimfokea mbele ya wenzake. Akaanza kulia, na bado akasinzia. Sauti yangu sikuipenda.

Jumanne, 18 Novemba

Aibu.

Papa Kitenge alifika na shati limepigwa pasi, akaketi nyuma, akafungua kalamu. Mbele yangu watoto watatu, mmoja hata meno ya mbele hajaota vizuri. Tulisubiri. Nilipanga vifuniko vyangu, nikavipanga tena. Mwishowe Papa Kitenge akafunga kalamu na kusema nimfuate kesho ofisini kwake. Hakukasirika. Afadhali angekasirika.

Nilishuka ufukweni nikiwa na maneno yangu yote mdomoni. Darasa langu lote lilikuwa huko. Mchanga wote umefunikwa na ndagala, wale samaki wadogo kama kidole, na watoto wameinama wanawageuza juani. Mama Zaina alinitazama kwa mshangao wa kweli.

"Mwalimu, sasa njo giza. Wanaume beko navua. Mwezi ukiwaka ndagala haifuate taa, tunakaa bure, batoto banasoma. Mwezi ukipotea, kila mukono uko ku mchanga. Hukujua?"

Sikujua. Mimi ni mtu wa mihogo. Fidèle amezaliwa hapa hapa mjini, amekula ndagala tangu aote meno, na hakujua wanavuliwa lini. Tulitazama kalenda ya ukutani. Hakuna aliyetazama juu.

Kinachoniuma zaidi si kalenda. Nilidhani wanajaa kwa ajili yangu. Walijaa kwa sababu hapakuwa na samaki.

Jumatano, 19 Novemba

Papa Kitenge ameniambia waziwazi: bila darasa hakuna somo, bila somo hakuna pointi. Jopo la chuo la kupitisha walimu linakaa wiki ijayo. Atarudi Ijumaa, mara ya mwisho. Nilimweleza habari ya mwezi. Alisikiliza, akasema ndiyo maana chuo kilitupeleka mtaani, tuyajue mambo kama hayo kabla, si baada. Ana haki. Nilitamani kumrushia kitu.

Fidèle ana wazo: tuazime watoto wa shule ya mazoezi, tuwashushe Kataki, wajaze chumba. Nimelifikiria. Nimelifikiria kwa muda mrefu kuliko inavyostahili kwa mwalimu. Nimekataa, tena si kwa wema. Papa Kitenge anawajua wale watoto kwa majina.

Basi Fidèle akaenda mwenyewe kwa Mama Zaina na kumweleza kila kitu, hata habari ya Nyunzu. Nilimgombeza. Moyoni nilikuwa natumaini.

Alhamisi, 20 Novemba

Ujumbe wa Mama Zaina, kupitia Fidèle: "Mwambie Mwalimu atulie. Kesho batakuja bote."

Sikuuliza nani atageuza ndagala. Swali lilikuwepo, nililiona, nikalipita kama mtu anayempita jirani asiyetaka kumsalimu.

Ijumaa, 21 Novemba

Nimepita.

Niandike jinsi ilivyokuwa, maana kesho nitaanza kuipamba.

Walikuja wote baada ya sala. Wameoga, wamepakwa mafuta, wasichana wamesukwa upya. Chumba kilijaa kama siku za mwanzo. Papa Kitenge akaketi nyuma. Nilianza kugawanya: vifuniko kwenye mafungu, mafungu kwa watu. Walijibu vizuri. Nilikuwa mwalimu, nilijisikia mwalimu, na uchovu wote ulinitoka.

Katikati ya somo chumba kikaingia giza. Upepo wa ziwani. Watoto wote wakageuza shingo kwenye dirisha kwa pamoja. Asha akanyanyua mkono.

"Mwalimu, mvua iko nakuja. Mama eko peke yake ku mchanga."

Hapo niliujua uzito wote. Ndagala akilowa kabla hajakauka, amekwisha. Wingu likitokea, watoto ndio hukimbia na mikeka, ndio miguu ya ufuko ule. Na wote nilikuwa nao mimi, ndani, kwenye mabenchi. Ningesema tokeni, wangefika. Na somo langu lingekatika bila mazoezi, bila hitimisho, na Papa Kitenge angeandika anachopaswa kuandika.

Nikamwambia Asha: keti.

Akaketi. Nikaendelea. Mvua ikapiga mabati hadi nikalazimika kupaza sauti. Hakuna tena aliyenyanyua mkono. Nilipouliza, nilitaja majina, na kila niliyemtaja alijibu sawa. Tulimaliza. Papa Kitenge alinishika mkono, akasema nimelitawala darasa vizuri, hata mvua haikuwatoa.

Nilipowaruhusu walikimbia bila kuaga. Mvua ilikuwa imeshapita.

Nyumbani nimemnyonyesha mtoto, nimelala na viatu.

Jumamosi, 22 Novemba

Nimeshuka ufukweni. Sikutaka. Nimeshuka.

Harufu ilinipokea mbali. Maji yakimwagika hayazoleki. Akina mama walikuwa wamekusanya kilichoharibika kwenye marundo, wakiwachagua wachache waliobaki wazima. Ilikuwa kazi yao yote ya siku za giza, na giza la mwezi halikai. Rundo kubwa litaenda kwa wafuga kuku, wakilitaka.

Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuomba msamaha. Mama Zaina hakunipa nafasi. Aliuliza jambo moja tu.

"Ulipita?"

"Nilipita, Mama."

"Mungu asifiwe." Na alimaanisha. Uso wake ulifurahi kweli, mikono ikiwa imejaa uozo hadi kwenye vifundo. Aliwaita wenzake, na mmoja alipiga kigelegele. Kwa ajili yangu. Juu ya marundo yale.

Nilikunja kitenge, nikainama kuchagua nao. Sijui kuchagua. Nilitupa wazima, nikaweka wabovu. Bibi mmoja akanisogeza taratibu, akanipa kazi ya kukung'uta mikeka. Nimekung'uta hadi mgongo ukakataa.

Ningekasirikiwa, ningelala vizuri.

Jumanne, 25 Novemba

Jopo limesoma majina. Langu lipo. Fidèle amenunua soda. Nimempigia mama yangu, amelia kwa simu. Mimi sikulia, nimechoka tu.

Chuo kimeniomba nieleze mbele ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza huduma mtaani imenifundisha nini. Nimeomba udhuru. Nimesema mtoto anaumwa. Haumwi.

Nimempelekea Papa Kitenge pendekezo: staji za Kataki zipangwe kwa mwezi wa angani. Masomo mwezi ukiwaka, ukipotea tuwafuate watoto kwenye mchanga au tuwaache. Amesema ni wazo zuri, atalifikisha. Nilitaka kumwambia na lile la mvua. Badala yake nikamuaga.

Jumatano, 3 Desemba

Mwezi unakaribia kujaa. Mitumbwi imepandishwa. Huduma yangu Kataki imekwisha kwa mujibu wa chuo, lakini mchana nilikwenda, Fidèle hakuja. Chumba kilijaa.

Asha alikaa benchi la nyuma. Wiki zote zile alikuwa akikaa mbele. Nilipouliza swali aliangalia vidole vyake, na jibu analo, namjua. Niliuliza tena, rahisi zaidi. Wengine wakajibu.

Nikamsogelea. Nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba siku yoyote akitaka kutoka, kwa sababu yoyote, atoke tu, asiombe ruhusa yangu.

Alinitazama kwa adabu, kama wanavyofundishwa kuwatazama wakubwa.

"Leo hakuna mvua, Mwalimu."

Nikarudi ubaoni. Tukaendelea kugawanya.