Mahali pa Kupumzikia Kinamama

Mpendwa mshauri, salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, natumaini wewe na wa nyumbani kwako hamjambo, nami ni mzima wa mwili kwa rehema za Mungu, ila moyoni nina jambo linaloninyima raha hata cherehani nimeiacha wiki hii, kila nikishona mshono unakwenda kombo.

Mimi ni mjane wa miaka hamsini na tatu, fundi wa nguo, shule niliishia darasa la saba, lakini binti yangu wa pekee, ambaye nyumbani tunamwita Futi kwa sababu tangu anatambaa alikuwa akiivuta futi yangu ya kupimia na kupima miguu ya kiti, leo anasoma shahada ya pili chuo kikuu cha jiji, mambo ya mipango miji, na kazi yake ya kumalizia ni kuchora ramani ya vichochoro vya mtaa wetu jinsi vilivyokuwa zamani na kueleza vilizibwaje, ili jiji likija kuupanga upya lijue watu walikuwa wakipita wapi.

Kazi yake anaifanya hivi: hakuulizi maswali mengi, anakwambia, "Tembea kama ulivyokuwa unatembea zamani," naye anakufuata nyuma na daftari. Basi mwezi uliopita ikawa zamu yangu, nikaambiwa niende bombani kama nilivyokuwa msichana, nikashika ndoo tupu ili miguu ikumbuke, na kweli ilikumbuka, mshauri, nikawa kama nawasikia wenzangu wako mbele yangu na ndoo zao wanacheka, nikapaona pale baba yake Futi alipokuwa anapiga plasta ukuta wa watu akadondosha saruji ndani ya ndoo yangu iliyojaa, nikamgombeza mpaka akanitekea maji siku tatu mfululizo, na ndiyo mwanzo wa kuoana kwetu, basi nikawa natabasamu peke yangu, miguu inakwenda yenyewe, ghafla najikuta pua yangu karibu iguse ukuta wa chumba changu cha kushonea.

Ukweli ni kwamba uchochoro ule aliuziba marehemu mume wangu. Alikuwa mwashi, akaniona nashonea nje mvua inanyesha nainamia nguo za watu zisilowe, akasema, "Mke wangu, nitakupa chumba," na ndani ya wiki moja ukuta ukasimama katikati ya njia. Nikamuuliza, "Na watu?" Akasema, "Watazoea." Wakazoea, wakawa wanazungukia barabarani na ndoo kichwani, na hakuna aliyemsema kwa sababu nusu ya nyumba za mtaa ule zilipata mkono wake. Hata mimi sikusema, nilikuwa nimepata chumba.

Sasa Futi alizaliwa chumba kipo, hajui lolote. Akaniuliza, "Mama, mbona umesimama hapa?"

Nikamjibu, "Miguu, mwanangu. Hapa ndipo tulipokuwa tunapumzika."

Kumbe ameandika. Akaenda kuwauliza majirani, nao kwa kunistahi wakaitikia, jirani yangu Mama Ndoo akasema ndiyo, tulikuwa tunatua ndoo pale tunaongea, na mzee kinyozi naye akaongeza kwamba palikuwa na kivuli kizuri sana. Leo kwenye ramani pana duara la kijani limeandikwa "mahali pa kupumzikia kinamama", profesa wake amelipenda, amemwambia aliandikie sura nzima, na mwanangu anapendekeza jiji liweke benchi hapo. Baada ya wiki mbili anasimama mbele ya maprofesa kulitetea duara ambalo halikuwepo.

Nilimwendea Mama Ndoo nikamwambia nataka kusema kweli, akanijibu, "Wee mama, tumeshapumzika pale mpaka chuo kikuu, leo ndio unataka kutuamsha?" Tukacheka, lakini nilipolitazama goti lake lilivyovimba, na mpaka leo anazungukia barabarani na ndoo, kicheko kikaniishia. Kila nikiomba, nikifika pale pa kutubu ulimi unakuwa mzito. Nikisema, namharibia mwanangu kazi ya miaka miwili na namvua nguo baba yake aliyempenda kupita kiasi, nikinyamaza namwacha asimame na uongo wangu mkononi. Na chumba chenyewe ndimo ninamokaa kutwa, kina mlango upande huu na dirisha upande wa pili, na dirishani nakiona kipande kilichobaki cha uchochoro, majani yameota, kuna siku nikikanyaga cherehani nahisi kama kuna watu nje wanasubiri kupita.

Naomba unijibu mapema, kabla hizo wiki mbili hazijaisha.

Mama Fundi

Mama Fundi, salamu zako zimefika, nami sijambo. Nimekuonea huruma na pia nimekukasirikia, kwa hiyo nivumilie.

Unasema unaogopa kumharibia mwanao kazi. Kazi yake ni kutafuta vichochoro vilizibwaje, na wewe jibu umelikalia na cherehani juu yake. Hao maprofesa nao wana macho. Atatokea mmoja aulize kinamama wenye ndoo walipumzika vipi katikati ya njia nyembamba bila kuwazuia wengine, na Futi ataaibika mbele ya watu, kwa sababu yako.

Kuhusu marehemu, humvui nguo. Aliwakosesha watu njia yao kwa kukupenda wewe. Yote mawili ni kweli, na binti yako ni mtu mzima, atayabeba yote mawili. Lakini usianzie kwenye ukuta. Anzia kwenye saruji ndani ya ndoo, maana nadhani hilo nalo hukumsimulia, ulikuwa unatabasamu peke yako.

Jumamosi hii mwite nyumbani, usimwambie kwa simu. Shika ndoo ileile, tembea tena, na ukifika ukutani usisingizie miguu. Sema, "Tulikuwa tunapita hapa. Baba yako alipaziba kwa ajili yangu, nami nilinyamaza." Kisha nyamaza kweli, mwache alie au akasirike. Baada ya hapo nendeni wawili kwa Mama Ndoo na kwa huyo kinyozi wa kivuli, wasikie kwa mdomo wako kwamba ruhusa ya kusema ipo. Jina la baba yake liandikwe au lisiandikwe, hilo ataamua na profesa wake, na akihitaji kuongezewa siku, aombe.

Nawe toba yako isiishie mdomoni. Mwambie Futi apime lile dirisha, kisha tafuta mwashi alishushe mpaka chini liwe mlango. Sogeza cherehani pembeni, fyeka majani, na mchana acha milango yote miwili wazi, watu wapite chumbani kwako mpaka jiji litakapokuja na mipango yake. Na lile benchi usilisubiri. Weka lako humo ndani, Mama Ndoo akitoka bombani atue ndoo yake, apumzike kweli.