Mkufu Nilioukata Shingoni Mwako

Kendu Bay,
Jumapili, mwezi wa Juni.

Kwako mpendwa dada Trizah,

Pokea salamu zangu kutoka hapa nyumbani. Natumaini wewe na shemeji Oliver mu wazima huko Suna, na kile kifua chako cha wakati wa baridi hakijaanza fujo zake. Sisi hapa tunapumua. Magoti ya Mama ni yale yale, lakini juzi alipanda sukuma mpya nyuma ya jikoni, na yule kuku wako mwekundu ameangua vifaranga saba. Mwewe alichukua mmoja. Mimi niko nyumbani kwa likizo fupi mpaka Jumanne.

Dada, kabla sijaendelea nataka nikuambie kitu ambacho sijawahi kumwambia mtu. Si Mama, si mchungaji, na hata kwenye maombi huwa nakizungukazunguka tu. Mimi sichukii vito kwa sababu ya kanisa. Watu wote wanadhani hivyo, na nimewaacha wadhani.

Najua hutaki kunisikia. Simu zangu hushiki tangu Aprili, na ujumbe siwezi kukuandikia kwa simu ya Mama kwa sababu yeye huusoma wote, hata ule wa matangazo. Halafu wewe unanijua, mdomoni maneno yangu hukwama kama mwiba wa samaki. Scovia wa hapa jirani anasafiri kuja Suna Jumatano, nitamwachia akuletee.

Nianze na ile siku ya wageni. Oliver alikuwa amekuvalisha mkufu mbele ya wazee, akina mama wanapiga vigelegele, na mimi napita na jagi na beseni nikiwanawisha watu mikono. Nilipokiona kile kitu kinang'aa shingoni mwako, masikio yangu yaliziba. Niliweka jagi chini, nikaushika mkufu, nikavuta. Ukakatika. Mjomba Jacktone akacheka, akasema ati nyumba hii imepata askofu wa kike. Yule shangazi yake Oliver, Mellen, akauliza kama huku kwetu hata shingo zimeokoka. Watu wakaangua kicheko, soda zikaendelea kufunguliwa. Wewe hukucheka. Ulienda jikoni ukaanza kuosha sufuria ambazo hazikuwa chafu, na mimi nikaliokota jagi nikaendelea kunawisha. Baada ya wiki ukatuma neno kwamba kama pete yako itanitapisha, basi siku ya harusi nibaki Kendu Bay, na kwamba rafiki yako Achieng ndiye atakayesimama kando yako badala yangu. Nililia, lakini sikukulaumu.

Kilichoniumiza zaidi kilitokea kanisani. Sabato iliyofuata Mzee Nashon alisimama akawaambia vijana waige mfano wangu, msichana mpole lakini mbele ya dhambi ni simba. Wakanipa darasa la watoto niwafundishe juu ya kujipamba. Mtoto mmoja, hata miaka minane hajafika, akaniuliza kama Mungu hapendi hereni, mbona alificha dhahabu kwenye udongo. Nilimwambia akae chini.

Dada, nikiona hereni mimi naona matope. Mwalimu wetu wa Kiingereza akigeukia ubao na zile zake zikicheza, nainamisha kichwa hadi kengele ilie. Wenzangu husema najifanya mtakatifu.

Wakati ule tukiishi Macalder, wewe ulikuwa umeshapata kazi ya duka la dawa hapo Suna. Tulibaki watatu kwenye kile chumba cha kupanga. Mama aliwauzia wachimbaji uji, na kaka yetu Frankline alikuwa kwenye shimo la dhahabu na kundi lake. Wote walikuwa Wasabato, kwa hiyo Jumamosi shimo lililala. Mimi nilikuwa nimejitoboa masikio kwa mwiba, kwa siri, nikatia njiti za ufagio ili matundu yasizibe, na nyumbani nilikuwa nayafunika kwa kitambaa. Terry, mtoto wa mwenye duka, alikuwa na hereni ndogo za dhahabu, za kweli. Siku moja alinivuta kitambaa akapiga kelele: “Oneni, Zilpah amevaa ufagio! Njoo utufagilie darasa!” Kuanzia hapo jina langu likawa Ufagio, hata wale wadogo wa darasa la tatu waliniita hivyo.

Frankline alinikuta nalia. Alicheka kwanza, si unamjua. Halafu akaniambia, nyamera, dada yangu, kama ni dhahabu tu, si ipo hapa chini ya miguu yetu? Akanieleza kwamba siku za kazi kila jiwe linagawanywa, la mwenye shimo, la kundi, la mwenye mashine ya kusaga. Lakini Sabato asubuhi hakuna mtu. Angeshuka peke yake, atoe nusu karai, aoshe, nasi tupate nukta mbili za dhahabu za kutosha masikio mawili. Mama asingejua. Ilikuwa siku ya Jumatano.

Yaliyofuata wewe ulisimuliwa na Mama. Kwamba Sabato ile Frankline alisema kichwa kinamuuma, hataenda kanisani. Kwamba Mama alikasirika akamwambia, kama Mungu wangu amekuchosha, usinirudie hapa na matope yako. Akamrudia na matope, akibebwa na wanaume wanne juu ya mlango. Miaka mitatu sasa Mama anasema ni mdomo wake uliomchimbia mwanawe kaburi. Kwenye kumbukumbu ya mwaka jana alijipiga mdomo kwa kiatu mbele ya watu, na wewe ukamshika mikono. Unakumbuka mimi nilikuwa wapi? Nilikuwa namimina chai.

Dada, hakwenda kwa hasira. Alitumwa, na aliyemtuma ni mimi.

Na si hayo tu. Ijumaa ile mvua ilinyesha mchana kutwa. Frankline aliingia akanong'ona kwamba kuta zimelegea, tungoje Sabato ijayo. Mimi nikamwambia ni muongo kama wanaume wote wa Macalder. Nikageukia ukuta, na samaki aliyenibakishia nikakataa kumla. Asubuhi, Mama akiwa nje anaoga, Frankline alinifinya sikio akasema, haya, ni leo. Nilimwona akiondoka na karai. Ningeweza kumwita. Nilienda kanisani nikaimba, nikiwaza Terry atasema nini Jumatatu. Huko shimoni hakukuwa na mtu hata mmoja wa kumshikia kamba.

Mkufu wako haukuwa na kosa. Nilitaka tu kitu kile kitoke kwa mtu ninayempenda. Siombi nafasi ya Achieng. Vaa pete yako, dada, na mkufu mwingine Oliver akikununulia uvae pia. Ukiniruhusu nitakuja, nitakaa nyuma kabisa, na sitainamisha kichwa. Lakini ukisoma haya ukaona huwezi kuniita mdogo wako, nitaelewa.

Leo Mama amepita hapa mara mbili, na mara mbili nimeifunika karatasi hii kwa kitabu cha kemia. Sasa nasikia patipati zake tena, zinatoka jikoni, anauliza nimekuwa nikiandika nini tangu mchana. Kitabu nimekiweka sakafuni. Wewe nilikukatia mkufu, lakini yeye nimemwacha ajipige kwa kosa langu miaka mitatu. Basi atasoma yeye kwanza. Barua ikikufikia na mikunjo, au wino umelowa mahali, ujue imepita mikononi mwake.

Nisalimie shemeji Oliver, na mama mkwe wako, na shangazi Mellen pia. Jifunike kifua, Suna asubuhi kuna umande.

Amefika mlangoni.

Ni mimi mdogo wako,
Zilpah