Chupa ya Deksio

Siku ya nne, mwezi wa Maimakterioni
Mvua tangu asubuhi. Mama Arkhipe amekuja karakanani kwetu. Mwanawe Deksio aliuawa vitani kaskazini, mwili haukuonekana. Tarehe kumi na tatu mifupa ya wapiganaji itawekwa hadharani kabla ya maziko, na waliopotea watawekewa jeneza moja tupu. Anataka chupa nyeupe ya kuweka hapo, imejaa mafuta. Mafuta aliyonayo hayafiki kibaba! Baba akamwambia asijali, atafinyanga kikombe kidogo ndani, chini ya shingo, mafuta hayohayo yafike mdomoni, chupa ionekane imejaa.

Jirani yetu Fainipo, anayejiita mwanafalsafa, akauliza kama huko si kumdanganya marehemu.

"Bwana Fainipo, wewe hujapoteza mtoto," Baba akamjibu.

Akaomba radhi. Fainipo!

Siku ya tano
Baba amefinyanga. Lo, mikono ile! Miaka hamsini na udongo bado unamtii. Mama Arkhipe alisimama pembeni akisimulia jinsi Deksio alivyokuwa akiimba vibaya. Baba alicheka huku machozi yanamtoka. Najivunia kuwa binti yake.

Siku ya kumi
Chupa imekauka. Nimeipaka weupe, nimemchora Deksio na ngao yake, anatazama nyuma. Nikaigeuza — chini ya mshikio hakuna tundu.

Baba hutoboa hapo kila mara, ili hewa iliyofungiwa nyuma ya kikombe cha ndani ipate pa kutokea. Bila hivyo chupa hupasuka motoni na kuvunja zilizo jirani. Amewahi kufukuza mafundi wawili kwa kosa hilihili. Na muda wa kufinyanga nyingine hakuna.

Kumwambia siwezi, nitamvunja moyo. Nimechukua msumari, nimetoboa mwenyewe. Tundu limekaa upande.

Siku ya kumi na moja
Tumepanga vyombo tanurini alfajiri. Baba alishika chupa, kidole kikapita chini ya mshikio kama kawaida yake. Kikasimama. Akanitazama. Mimi nikatazama kuni.

Akaiweka katikati, mahali pazuri kuliko pote.

Sasa tumeziba hewa, ndani moshi mtupu. Kazi ni kujua lini kufungua. Ukiwahi, weusi wa rangi haushiki. Ukichelewa, wekundu wa udongo haurudi. Kazi hiyo Baba hajamwachia mtu maishani mwake. Nimekaa nje na kigae changu, naandika, nangoja aniite nibebe kuni.

Ameniita. Ameinuka kwenye kigoda chake, mbele ya kidirisha cha tanuri.

"Kaa hapa, mwanangu," amesema. "Macho yangu yamechoka. Wewe ndiye utakayesema lini."

Ameenda kuketi na Mama Arkhipe, aliyekuja na mafuta yake mapema mno. Wote wawili wamenipa mgongo. Naogopa. Nachungulia, naandika, nachungulia tena. Deksio simwoni, naona mng'ao tu. Bado. Bado kidogo —