Dada Yangu na Mimi Tunaviziana Mnadani

Shangazi mpendwa, jambo hili nimekaa nalo hadi limenizidi kimo, nisaidie kabla ya Ijumaa alasiri.

Mimi na dada yangu ni mafundi wa mapazia, tunashonea katika chumba kimoja tukiwa tumepeana mgongo, yeye anatazama dirisha na mimi natazama ukuta, na kwa kuwa mapazia yaliyokwisha tunayatundika kwenye kamba katikati yetu, mchana kutwa mwanga unanifikia ukiwa na rangi, leo samawati, kesho machungwa, na humo ndani ya rangi naota macho wazi, namsikia mama akizungusha cherehani yake ya mkono, taratibu, kama alivyokuwa akishona sisi tumelala miguuni pake juu ya vipande vya vitambaa, hadi dada agonge meza na kusema, "We, pindo hilo linakwenda wapi?"

Mama alipofariki cherehani ile ilibaki, nami niliitaka sana, lakini yeye ndiye mkubwa, nikasema, "Chukua wewe, dada," akasema, "Hapana, mdogo wangu, chukua wewe," tukaendelea hivyo miezi na miezi, chukua wewe, chukua wewe, hadi mjomba wetu akaona hakuna anayeitaka, akaiuza, na kila mmoja wetu akasema si neno.

Sasa, Shangazi, nimeiona kwenye mnada wa mtandaoni ninakonunulia vitambaa, utafungwa Ijumaa alasiri, ni yenyewe, mpini wake bado umefungwa kitambaa cha kijani nilichokifunga mwenyewe utotoni, nikafanya kama nifanyavyo siku zote, yaani sipandishi bei mapema nikawaamsha waliolala, naiachia simu dau langu kubwa na kuiamuru ilitoe sekunde za mwisho kabisa, wengine wakishtuka mnada umefungwa, na sijawahi kushindwa. Lakini jana nikaona mtu ameshaweka dau dogo, jina lake la mnadani Bila Kastabini, nikamjua, maana hilo ndilo jina la utani ambalo mama alimpa dada kwa kukataa kuvaa kastabini kidoleni hata sindano ikimchoma, na ujanja huu wa kuvizia nilimfundisha mimi mwenyewe, kwa hiyo najua hilo dogo ni la kuonja tu, kubwa kalificha kwenye simu yake kama nilivyolificha langu, na tunashinda chumba kimoja, anapiga mluzi, nami napiga mluzi. Nikilifuta langu naogopa mgeni ataichukua, nikiliacha tutapandishiana bei wenyewe kwa wenyewe, na lililo baya zaidi, moyo mmoja unaniambia mwachie, moyo mwingine unataka nimshinde. Nifanyeje?

Fundi Mwota Ndoto

Shangazi anajibu:

Pole, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza nikakuonea huruma, ya pili nikataka kukufinya. Ilipokuwa ya bure mlisukumiana, sasa inauzwa mnaigombania gizani! Vita vya panzi, furaha ya kunguru, na kunguru wenu ni huyo muuzaji, ambaye hata hajui mama yenu alikuwa nani. Simu mbili zitatoa madau mawili makubwa, zitapandishana, na mmoja wenu atalipa pato la mapazia yote hayo kwa kumkimbiza ndugu yake. Halafu Jumamosi mtaingia chumba kile kile, mpeane mgongo. Hilo umelifikiria?

Sisemi kuvizia mnada ni kosa, huo ni ujanja wa soko. Lakini anayeviziwa ni mgeni, si uliyelala naye miguuni pa mama mmoja.

Na huo moyo wa pili usiuonee haya. Ndio ule ule ulioufunga mdomo wakati wa "chukua wewe". Adabu yenu ilikuwa nzuri, ila iliwafanya wote wawili mseme uongo. Mngesema mnaitaka, labda mngegombana kidogo na kulia kidogo, na cherehani ingekuwa nyumbani.

Basi fanya hivi. Kesho asubuhi, kabla hujatia uzi kwenye sindano, shusha hayo mapazia na ugeuke. Usigeuze shingo tu, geuza kiti kizima. Mwambie, "Dada, Bila Kastabini nimemwona. Na mimi naitaka." Akikasirika, mwache akasirike. Akicheka, chekeni. Kisha kubalianeni bei ambayo hamtaivuka hata moyo ulie, ufute dau lako, libaki moja tu kwenye simu ya dada kwa kuwa jina lake tayari limo. Na msilicheleweshe hadi sekunde ya mwisho kabisa, mtandao nao husinzia kama wewe. Mgeni akiwazidi, mtakuwa mmeshindwa pamoja, na kila mmoja atakuwa na wa kumlilia.

Mkiipata, iwekeni katikati ya meza zenu. Na ole wenu nisikie mtu anasema "chukua wewe".