Munkoyo juu ya telefone

Kolwezi, siku ya posho, Jumamosi

Asubuhi mama mukwe alimwaga kikombe cha munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, juu ya telefone yangu, na binti yangu Chantal yuko Lubudi na uchungu wa kuzaa. Nilitaka kufoka, lakini macho yake yalijaa machozi.

Tulikimbia wote wawili kwa fundi wa telefone.

"Mama, usiiwashe," alisema. Akaifungua, akaisafisha kwa alkoli, akaikausha taratibu. Mi niliomba Mungu.

Ilipowaka, ilibaki inasikika kwa spika ya nje tu, kila mtu anasikia. Mara ikalia. Alikuwa bwana ya Chantal.

"Mama, batoto ni babili! Chantal iko muzuri."

Mama mukwe akainama. "Leta telefone karibu yabo, tubasikie."

Wateja wa fundi wakasogea kusikiliza. Tukasikia kilio kimoja, kisha cha pili.