Knišļi wa Mto Aiviekste

Jumatatu, 6 Mei 2013

Jua la kwanza la maana tangu vuli. Majani makavu ya kulisha ng'ombe yamekwisha karibu yote — yaliyobaki ni ya kufagia. Ng'ombe kumi na tisa, wote uzao wa mmoja niliyemnunua kwa jasho langu. Sasa jirani, Arvalds, kaja hadi kwenye ua. Eti nisiwatoe zizini bado. Joto limekuja ghafla, upepo hakuna, knišļi, usubi wa huku, watatoka mtoni. Eti! Huyu huyu aliyenizunguka akakodi uwanda niliokuwa nakata majani miaka yote! Usubi naujua. Umening'ata tangu utotoni na niko hai.

Jumatano, 8 Mei

Tumewatoa! Ērika, binti yangu, kanimwagia ndoo nzima ya maji pale mlangoni, kama ilivyo ada, mchungaji asisinzie kiangazi.

"Mama, umelowa mpaka soksi!"

Ng'ombe wazima wanaruka kama ndama. Zīle, kiongozi wao, kawapeleka moja kwa moja mtoni. Wa Arvalds bado wamefungiwa. Nimempungia mkono. Makusudi.

Alhamisi, 9 Mei

Asubuhi nilidhani ni moshi, wingu la kijivu chini ya mierebi. Si moshi. Knišļi! Wadogo kuliko punje ya ulezi — machoni, puani, kwenye viwele. Zīle kasimama majini hadi shingoni, analia kama mtu. Tumewasha matawi mabichi, tukawaswaga zizini ndani ya moshi. Kumi na tisa. Nimehesabu mara mbili. Nikasema tumepona.

Mchana shingo zikaanza kuvimba.

Daktari wa mifugo kwenye simu: ng'ombe aliyefungiwa majira yote ya baridi hana kinga, sumu ya knišļi inampiga kwa mkupuo. Yuko kwenye mashamba mengine, hali ni hiyo hiyo. Atakuja jioni. Zīle akilala, asilaze kichwa, atakosa pumzi.

Kalala. Nimekishika mpaka mikono imekufa ganzi.

Arvalds kaingia bila hodi. Nilingoja aseme: si nilikwambia? Hakusema. Afadhali angesema. Kapiga goti kwenye samadi, kakipakata kichwa cha Zīle.

"Niachie huyu, jirani. Nenda kwa mwingine."

Mwingine yupi? Naandika huku nimeegemea nguzo. Nimezima redio nisikilize. Wanakoroma wawili. Hapana, watatu. Namuuliza Ērika, kule mwisho wa safu, kwake wanakoroma wangapi.  Ananyoosha kiganja chote, halafu anaongeza mkono wa pili.